Kinyozi wa Chumba cha Maiti

"Fundi, huyu yu hai," sista alimkumbusha. "Ukimkata, damu itatoka."

Kinyozi alicheka kidogo, kwa adabu tu. Miaka kumi na minane alikuwa akiwanyoa wafu wa hospitali kule chini, na wembe wake ulizoea nyuso zilizotulia. Uso huu ulihema. Shavu lilipanda, likashuka, likakimbia makali.

Mgonjwa alikuwa mwalimu. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha, naye alingoja ya mtu mwingine, mtu ambaye lazima afe kwanza. Kilichokuwa kikimweka hai ni barakoa ya kumsukumia hewa, na hewa ilikuwa ikivujia ndevuni. Isipokaa sawasawa leo, daktari alisema, itabidi wamlaze usingizi na kumwingiza mpira kooni. Kaka wa mwalimu alilazwa hivyo mwaka juzi. Hakuamka.

"Nataka kungoja nikiwa macho," mwalimu alisema. Maneno manne, kisha akapumzika. Barakoa ilikuwa imevuliwa ili anyolewe, na mipira ya hewa ya puani ingemshikilia kwa dakika chache tu.

"Fanya haraka, baba," mkewe aliomba. "Lakini polepole."

Kinyozi akajikaza. Alimaliza kidevu, akafuta povu, na kabla hajajijua, vidole vyake vikapanda juu vikamfumba mwalimu macho.

Mke alipiga ukelele. Sista akaganda, barakoa mkononi. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu, lakini hofu ilizidi, maana kope zile zilikubali upesi mno.

Jicho moja likafunguka. "Bado, fundi," mwalimu akanong'ona. "Kesho uje tena. Ndevu zangu zina haraka."

Sista akamvika barakoa. Ilikaa. Kengele ya mashine ikanyamaza.

Hakuna mteja aliyewahi kumwambia arudi. Asubuhi kinyozi aliwahi, wembe ameunoa, lakini kazi ya chini huanza kwanza. Palikuwa na mmoja mezani, amefunikwa. Hakuthubutu kufunua. Alipitisha mkono chini ya shuka, akapapasa kidevu. Ndevu za wiki nzima, ngumu. Si yeye; kidevu cha mwalimu alikinyoa jana. Akashukuru kwa sauti, na papo hapo akaona haya, kwa kuwa huyu naye alikuwa na watu wake.

Ndipo akavuta shuka. Kutoka chini ya shingo hadi tumboni palikuwa na mshono mpya, nadhifu, wa mikono iliyojua inachotafuta kifuani.

Kinyozi akachovya brashi majini. "Samahani, mwanangu," alisema, akaanza na shavu, taratibu, masikio yake yakiwa juu, darini, alikolazwa mwalimu.