Mara Sita kwa Siku

Mume wangu Maftah alikuwa mhudumu wa mezani kwenye meli ya watalii iliyokuwa ikitia nanga Mombasa, na mpaka leo sijui walimlipa mshahara au walimlipa hadithi. Aliporudi Kampala tulifungua hoteli Bukoto, chumba kimoja na meza chache. Kila mchana alipita kati ya wateja na kitambaa cheupe kilichokunjwa juu ya mkono wa kushoto, akiwapakulia maharage yetu kama vile ni samaki wa mabwana.

"Kwenye meli watu wanakula mara sita kwa siku," ndivyo alivyoanza. "Asubuhi mayai. Saa tano supu, unapelekewa huko huko sitahani, umejilaza na blanketi magotini. Mchana tena. Alasiri chai na keki ndogo ndogo. Usiku ndiyo usiseme, uma tatu kwa mtu mmoja! Wakishacheza dansi wanakula tena, na katikati ya meza amekaa bata aliyechongwa kwa barafu. Hata nahodha anakula nao. Anapita meza kwa meza akiuliza, jamani, mmeshiba?"

Hapo hoteli nzima iliangua kicheko, maana jeshi lilikuwa limeshika nchi, sukari ilikuwa ya magendo, chumvi ya kubembeleza, na hapakuwa na mkubwa yeyote aliyetuuliza kama tumeshiba. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama nani anacheka na nani anasikiliza tu.

Aliyesikiliza tu alikuwa Kakule, Mkongomani, fundi wa redio, mgeni mtaani. Alikaa karibu na mlango, akala polepole, akauliza maswali. "Na wale wageni, mama, wakisema hawajashiba, huyo nahodha aliwafanya nini?" Swali gani hilo kwa mtu mwenye nia njema? Na fundi gani wa redio anakuja kila siku mikono mitupu, kucha safi? Nikaanza kumwekea mchuzi mwepesi ili achoke aende kwingine. Hakuchoka.

Mtu wangu alikuwa Byaruhanga, karani wa reli aliyekaa kwenye nyumba za reli kule Nsambya. Alitoka Toro, na ulimi wake haukuwa na habari na herufi l. Kabla hajavuka kizingiti alishapaza sauti: "Mama Mwanawetu, nimekuja kura!" Nami humjibu, "Kura zilishazikwa, baba, hapa tumebaki na matoke." Alicheka hadi machozi. Nilimwekea nyama ya juu, na zikibaki chapati nilimfungia aende nazo kazini.

Nilimwambia Maftah mara nyingi, "Yule Mkongomani atakupeleka pabaya. Acha habari za meli."

"Nimehudumia mabwana wa dunia nzima," akanijibu, "halafu nyumbani kwangu ninyamaze?"

Siku waliyokuja, jua lilikuwa utosini na meza zote zimejaa. Gari lilisimama mlangoni, akashuka Kapteni Santo na vijana wawili wa miwani myeusi. Bukoto nzima ilimjua Santo. Waliowahi kuingia kwenye gari lile, wake zao walikaa eda bila kuona kaburi.

"Maftah nani?"

"Mimi, Afande."

"Wewe nafundisha watu maneno ya uchaguzi. Nasema iko pahali watu napiga kura mara sita kwa siku. Hata nahodha napiga kura na wao. Eh? Nahodha iko nani? Sema jina yake."

Kitambaa kilianguka sakafuni. "Ni kula, Afande. Kula chakula. Ilikuwa meli ya..."

"Ripoti nasema kura. Ingia gari."

Nilimgeukia Kakule nikitaka kumrarua uso. Kijiko chake kilikuwa kimesimama hewani na mdomo umekauka. Ndipo neno lile likanirudia sikioni. Kura. Kakule alitamka l yake sawasawa kama mwalimu wa chuo. Mdomo mmoja tu katika hoteli yangu ulikula kwa r, na mwenyewe alikuwa ameinamia sahani, kichwa chini, akiikata vizuri ile nyama niliyomchagulia.

Nilichukua sahani ya chapati, nikaenda kusimama mbele yake.

"Afande, samahani sana. Kabla hujamchukua, muulize na huyu. Bwana Byaruhanga, mwambie Afande, kila mchana unakuja hapa kufanya nini?"

Nilimwona Byaruhanga akilitafuta neno jingine, akiligeuza mdomoni.

"Jibu mama," Santo alisema.

"Nakuja... kupata chakura, Afande."

"Ukishakipata unakifanya nini?" nikauliza.

Jasho lilimshuka mpaka kwenye ukosi. "Nakikura."

Santo alimsogelea polepole, akainama usawa wa mdomo wake. "Sema tena."

"Kura, Afande."

"Hii sauti mimi najua. Hii ni ile ya simu." Akacheka, na vijana wake wakacheka, kisha akaacha na wao wakaacha. "Wewe natoa mimi kambini, namaliza petroli yangu, sababu ya maharage?"

Wakamwacha Maftah, wakamwinua Byaruhanga kwa ukosi na kumkokota kwenda garini. Alinitazama mara moja tu. Santo alichukua chapati moja kwenye sahani yangu akatoka nayo akitafuna.

Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi mpaka nikamshika mume wangu mkono mbele za watu. Wateja waliondoka mmoja mmoja, wengine wakiacha chakula nusu, na hakuna aliyenitazama usoni. Kakule ndiye aliyebaki. Aliokota kitambaa sakafuni, akakikung'uta, akamrudishia Maftah.

Kesho yake walikuja wachache. Walionyesha vyungu kwa kidole badala ya kusema wanachotaka. Nilimwekea Kakule mchuzi mzito na nyama ya juu, akanishukuru kama kila siku. Ukimya ulituelemea sote, na nadhani alitaka kuuondoa, kwa kuwa alipaza sauti kwa uchangamfu:

"Ndugu Maftah, tuambie basi ile ya bata wa barafu."

Sikuwahi kutamani hadithi za meli ile kama nilivyozitamani wakati huo. Nilimtazama mume wangu nikimwomba kwa macho aanze. Alikuwa anafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Akanyanyuka, akakikunja kitambaa vizuri, akakiweka juu ya mkono wa kushoto.

"Meli gani, bwana?" akasema. "Mimi sijawahi kupanda meli."