Vishikwambi Vitatu na Vidole vya Mama

Vishikwambi vitatu vililetwa mchana, mhakiki akiwa anafuta meza ya jikoni. Vilikuwa ndani ya maboksi meupe yasiyo na maandishi, maana vilikuwa havijaingia sokoni, na mletaji alimtaka atie sahihi kwamba hatavionyesha kwa watu wasiohusika. Mhakiki akatia sahihi. Nyumbani aliishi na mama yake tu, pamoja na baba yake aliyefariki mwaka wa mafuriko, ambaye huja kila siku baada ya chakula cha mchana.

Baba huingilia mlango wa jikoni kwa sababu kitasa cha mlango wa mbele kilibadilishwa baada ya mazishi, na hakuna aliyekumbuka kumchongea ufunguo. Huketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, hupewa kikombe ambacho hakinywi ila hupenda kukishika, na huondoka kabla ya taarifa ya habari. Anasema wanaotajwa humo siku hizi yeye hawajui. Enzi za uhai wake alikuwa fundi saa, na bado hawezi kuona kitu kilichofungwa kwa skrubu bila kutaka kujua ndani kuna nini.

Kwa hiyo siku ile mhakiki hakufanya kazi peke yake. Alivipanga vishikwambi mezani, mama akavuta kiti, baba akavuta cha kwake.

Kazi ya mhakiki ilikuwa kuviandikia makala ya kuvilinganisha, kwenye gazeti linalotoka kila wiki, ili msomaji ajue kipi anunue vitakapofika madukani. Waliozoea kumsoma walijua kwamba si mtu wa kukivika kitu kilemba cha ukoka. Kikiwa kibovu, atasema kibovu. Lakini vitu hivi vitatu vilimkosesha cha kukosoa.

Cha kijivu kilikuwa cha kalamu. Ncha yake ikigusa kioo ilitoa mkwaruzo mdogo, ule ule wa penseli juu ya karatasi, na mstari uliifuata papo kwa papo. Ukikandamiza, wino unanenepa. Ukilegeza mkono, unakonda. Unaweza kulaza kiganja kizima juu ya kioo na kisijali. Kilijua kipi kiganja na kipi kalamu. Cha buluu kilikuwa na kibodi iliyojikunja nyuma yake kama jalada la kitabu. Vibonye vyake vilizama kidogo tu na kurudi, na mtu asiyetaka kuandika angeweza kusema tu, kikasikiliza na kuandika chenyewe. Cheusi hakikuwa na kibonye wala kalamu. Kilikuwa kioo kitupu, ukingo hadi ukingo, na kilitaka kidole tu. Ukikigusa mahali popote kinakujua wewe ni nani kabla hujainua mkono.

Baba alikichukua hicho cheusi kwanza. Akakigeuza, akapitisha ukucha ubavuni kutafuta maungio asiyapate, kisha akakiweka sikioni.

"Kimya kabisa," alisema. "Aliyekitengeneza hiki ni fundi."

Katika maisha yake yote, mhakiki alikuwa hajawahi kumsikia baba yake akimwita mtu mwingine fundi.

Wakaanza majaribio. Ilibainika mapema kwamba marehemu na kalamu hawaendi pamoja: aliishika vizuri, akaandika sentensi nzima kwa utulivu, na kioo kikabaki cheupe. Vibonye vya kibodi havikuzama chini ya vidole vyake. Alipojaribu sauti, alisoma aya ndefu kutoka kwenye gazeti kuukuu, na alipomaliza kishikwambi kikauliza kama kuna mtu. Baba akajibu kwamba yupo. Kikauliza tena. Mhakiki aliyaandika hayo yote pembeni, kama alivyoandika muda wa chaji na uzito.

Ila cheusi, baba alipokigusa tu, kiliwaka. Kurasa zilipepea chini ya kidole chake. Alikuza picha ya mashine ya saa mpaka jino moja la gurudumu likajaa kioo kizima, akalitazama mchana kutwa, na mhakiki akamwacha, kwa sababu hakuwa amemwona na furaha namna ile tangu alipokuwa hai.

Kwa mama mambo yalikuwa kinyume. Alichukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa shule, wenye mikia mirefu, na kishikwambi kikasoma kila neno. Kwenye kibodi aliandika kwa kidole kimoja bila kukosea. Aliposema, kile cha buluu kilimsikiliza vizuri kiasi kwamba kiliweka mkato kila alipovuta pumzi, na mama akasema hajapata kusikilizwa hivyo na mtu yeyote humo ndani. Baba akatazama dirishani.

Alipogusa cheusi, hakikutokea kitu.

Akafuta kidole kwenye nguo, akagusa tena. Akajaribu cha pili, cha tatu, dole gumba, mwishowe kiwiko, na hapo wote wakacheka. Kisha mhakiki akauvuta mkono wa mama yake kwenye mwanga akautazama. Alikuwa ameushika mkono ule maisha yake yote, lakini hakuwahi kuusoma. Ncha za vidole zilikuwa laini, hazina mstari hata mmoja. Mama alikuwa amefua mashuka ya hospitali kuu tangu ujanani mpaka alipostaafu, kwenye mapipa ya maji ya moto na dawa ya kung'arisha. Mhakiki alimuuliza kama hawakuwa wakivaa glavu. Mama alisema glavu zilikuwa zikiletwa, lakini hazikuwa zikifika chini walikokuwa wao. Alisema hivyo bila chuki, kama mtu anayeeleza hali ya hewa ya mahali alikowahi kuishi. Kisha akasema mashuka yenyewe lakini yalikuwa meupe, mpaka madaktari wageni walikuwa wakiuliza nani anayafua. Hilo alilisema akiwa amenyoosha mgongo.

Makala iliandikwa. Mhakiki alivisifu vyote vitatu, maana vilistahili, ila akaandika kwamba angekuwa yeye angechukua kile cha kalamu, kwa sababu kinampokea kila mtu anayeweza kushika kijiti. Kuhusu cheusi aliandika: "Kinamtambua hata marehemu bila tatizo lolote, lakini hakikuweza kumtambua mama yangu, ambaye yu hai." Mhariri alimpigia simu kumpongeza. Alisema ukurasa ulijaa, ikabidi apunguze kidogo. Gazeti lilipotoka, sentensi ile iliishia kwenye "tatizo lolote".

Wiki chache baadaye hospitali kuu ikatangaza kwamba kadi za karatasi zinaondolewa. Mgonjwa akifika mapokezi ataweka kidole kwenye kishikwambi na faili lake litafunguka. Mama yake mhakiki alikuwa akienda huko kila mwezi kwa ajili ya magoti, ambayo nayo yalikuwa yameharibikia kwenye sakafu ya saruji ya chumba cha kufulia. Mhakiki akaenda kumwona afisa ununuzi.

Afisa alikuwa mtu mwenye adabu zake. Alimpa kiti, akamwambia makala yake ilisomwa mpaka kwenye kikao, na kwamba ndiyo iliyowaondolea wasiwasi. Mhakiki akamweleza ile nusu ya sentensi iliyokatwa. Akamweleza habari za mikono ya mama yake, na za wenzake waliofua naye. Akapendekeza angalau mapokezi pawekwe kimoja cha kalamu. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa pale panapostahili.

"Dada yangu, nimekuelewa," alisema. "Lakini vyeusi vimeshanunuliwa. Na wewe mwenyewe umeandika kinamtambua hata marehemu. Sasa kitamwachaje aliye hai?"

Mhakiki akanyanyuka. Aliagwa vizuri, akasindikizwa hadi kwenye ngazi.

Siku ya kliniki ilipofika, mama aliweka vidole vyake vyote, kimoja baada ya kingine. Kioo kiliandika kwamba mtu huyo hayupo. Msichana wa mapokezi alikuwa mpole. Alimpa mafuta ya kujipaka, akamletea kitambaa cha moto, akamwambia ajaribu tena. Alimfahamu mama vizuri, maana nyumba zao zilikuwa mtaa mmoja, ila alisema yeye kumfahamu hakufungui faili. Mama akakaa kwenye benchi mpaka kliniki ilipofungwa, kisha akarudi nyumbani akishikilia ukuta. Mwezi uliofuata ikawa vivyo hivyo, na safari hii alipofika nyumbani hakuweza kupanda kitandani bila kuinuliwa.

Baba aliyaona hayo kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.  Siku ya tatu alikitua kikombe mezani.

"Ombeni mpangiwe mchana," alisema. "Asubuhi sitaweza kufika."

Wakapangiwa mchana. Baba alivaa koti alilozikwa nalo, ambalo ndilo alilokuwa nalo, wakatoka wote watatu, mama katikati. Alitembea taratibu ili mama asione aibu ya kwenda taratibu. Kwenye lango la hospitali alisimama kidogo, kwa sababu humo ndimo alimofia, akatazama dirisha la ghorofa ya juu kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kupanga. Kisha wakaingia.

Msichana wa mapokezi alimwamkia kwa heshima, akamsogezea kishikwambi. Baba akaweka kidole. Kioo kikawaka kijani, kikamkaribisha kwa jina lake kamili na kumtakia afya njema.

"Mzee," alisema msichana akisoma, "hapa wameandika umefariki."

"Ndiyo, binti yangu."

"Poleni sana. Ketini pale, mtaitwa."

Wakaketi. Muda si mrefu muuguzi alitokea mlangoni, akaita jina la baba, na mama akanyanyuka, akaingia. Daktari aliyapima magoti yake kwa makini sana, kwa sababu alikuwa daktari mzuri, akaandika kwenye faili la marehemu kwamba mgonjwa anaendelea kuumia, apewe dawa hizi, apumzike, na asikose kurudi. Kabla mama hajatoka, alimshika mikono, akaitazama, akauliza amefanya kazi gani. Mama akamwambia. Daktari akasema enzi zile mashuka yalikuwa mazuri.

Hapo benchini, mhakiki na baba yake walikuwa wakisubiri. Baba alikiri kwamba kifaa kile kinampendeza kila akikigusa, na mhakiki akakiri vivyo hivyo. Hakuna kati yao aliyeweza kukiita kibaya. Mzee mmoja mwanamke, aliyekuwa akifua pamoja na mama, aliwasogelea akamtazama baba kuanzia juu hadi chini, akauliza kama kuna utaratibu maalumu. Baba akamwambia hakuna, ni kuja tu. Mwanamke yule akasema mumewe aliyefariki ni mvivu wa kutoka, lakini atamwambia.

Kufikia msimu wa mvua, kliniki za mchana zilikuwa zimejaa. Wafuaji wa zamani waliletwa na waume, na dada, na mama zao waliofariki zamani wakiwa wasichana, wakaonekana wadogo kuliko mabinti waliowasindikiza. Marehemu waliweka vidole, wakaitwa, wakabaki kwenye benchi wakati walio hai wakiingia. Hospitali ikaongeza mabenchi. Afisa ununuzi alisimama siku moja kwenye korido, akaitazama foleni inavyokwenda bila ugomvi, akamwambia mhakiki kwamba hakuwahi kununua kitu akaridhika nacho kama hivi. Mhakiki alimwambia tena habari za kalamu. Afisa akasema bajeti ijayo wataangalia.

Mwezi wa mwisho wa mvua, baba alichelewa akiwaaga wenzake kwenye benchi, na mama akasema watamsubiri nje, upande wa nyuma, ambako kuna kivuli. Kupita huko kulimaanisha kupita chumba cha kufulia. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya mvuke. Ndani, mwanamke kijana alikuwa ameinama juu ya pipa, mikono mitupu imezama hadi kwenye viwiko. Mama alisimama. Alitazama namna alivyolikunja shuka, namna alivyolikamua, akamgeukia mhakiki akamwambia kwamba huyu anajua kazi.

Kisha akaegemea dirisha.

"Mwanangu, glavu hazijaja?"

"Tunaambiwa zimeletwa, mama."

Mama akaafiki kwa kichwa. Akafuta mvuke usoni.

"Una mtu wako aliyefariki?" aliuliza.

Yule kijana akainuka, akajifuta jasho kwa bega.

"Baba yangu," alisema.

"Mlikuwa mkipatana?"

"Sana."

"Basi usihofu," alisema mama, naye yule kijana akashukuru, akairudisha mikono majini.