Samli ya Vifaranga wa Tunu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kumhudumia mzazi. Hilo si geni. Mtaani kwetu mwanamke akijifungua, mimi Hidaya ndiye ninayemkanda na kumpikia, na chakula changu huelea kwenye samli. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Nikaingia chumbani na bakuli langu. Kitandani amelala kuku, kajifunika kanga yangu ya kushindia.

"Karibu, Bi Hidaya," akasema. "Mimi mzima. Aliyeharibika tumbo ni mwanangu."

Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua ni mwana yupi. Wifi yangu Tunu amekwenda kumuuguza mama yake, akaniachia vifaranga wake wachanga, mradi wake wa kwanza tangu kaka yangu afariki. Aliniagiza niwape chakula cha dukani na maji, basi. Mimi nikakitazama kile chakula, kikavu kama vumbi la mbao, nikaona wifi hajui malezi. Nikakikoroga na samli. Tangu juzi wanajikunyata chini ya taa, nyuma kumewaganda uchafu. Tunu alipopiga simu nilimwambia ameuziwa wagonjwa.

"Ingia ukaone," kuku akasema, akamfunua mwanawe mdomo. Nikavua viatu, nikaingia.

Ndani kuna ujia mwembamba, na katikati yake bonge la samli limekaa kitako.

"Mbona hupiti?" nikaliuliza.

"Nitapitaje sijaoshwa? Namsubiri Nyongo aje aniyeyushe."

Tone la mafuta ya alizeti, lililokuja na chakula cha dukani, linapenya pembeni. "Nipisheni, jamani," linasema, na kweli linapita.

Nyongo anakuja anatambaa. Ni mchanga, kitovu bado kibichi. Anakokota kifuniko cha soda chenye tone la kijani. Anaanza kulimwagia lile bonge, linalowa ukingoni tu.

"Ndiyo yote ya leo," anasema, akinigeukia. "Nikikua nitaleta ndoo. Kwani hukuniona nilivyo mdogo?"

Sauti ya kuku ikasikika kutoka juu. "Nilimfungia kiini cha yai tumboni, mafuta yake ya kuanzia. Nilimpimia mwenyewe. Mtu haniulizi, anamwaga tu!"

Ujia ukawa sebule yangu. Wanawake wote niliowahi kuwauguza wamekaa mkekani na watoto wao, na mimi nimesimama mbele yao, samli inanichuruzika mpaka viwikoni. Natafuta ncha ya kanga nijifutie, kumbe kanga anayo kuku.

"Bi Hidaya," akasema Mwanakombo, niliyemlea mara zote tatu alizojifungua, "usinielewe vibaya. Samli yako nilikuwa nampa paka."

"Hata mimi," akasema wa pili.

Ndiyo maana paka wa mtaani kwetu wamenona vile. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Haya, mwambie Tunu ukweli," kuku akasema.

Nikafungua mdomo. Ulimi ulikuwa umeganda samli, kila neno linateleza na kurudi kooni. Nyongo akanivuta nguo, akaninyooshea kifuniko chake. Chini palikuwa pamebaki kidogo.

"Oshea mdomo," akasema.

"Na mtoto je?"

"Atangoja. Ameshazoea kukungoja wewe."

Nikanywa sehemu ya mtoto mchanga, mtu mzima mimi. Ilikuwa chungu ajabu. Nikaamka nikitema.

Kumekucha. Mlangoni Tunu anapiga hodi, hajatua hata mzigo.

"Wifi! Vifaranga wangu wameamkaje?"

Nilizoea kujibu "wazima" hata kabla sijafikiri. Safari hii nikapitia bandani kwanza, nikakuta wawili wamekauka, ndipo nikafungua mlango, nimelifumbata kopo la samli nililolikuta hapo kando.

"Usimlaumu aliyekuuzia," nikasema. "Hawakuwa wagonjwa. Niliwalisha samli mimi, tena kwa jeuri, nikijiona najua kuliko wewe. Wawili wamekufa. Nisamehe, wifi."

Neno halikuteleza hata moja. Nikadhani Tunu ataondoka. Badala yake akanyoosha kidole, akanifuta pembeni ya mdomo, akakitazama. Kilikuwa kijani. Akakionja kidogo, akakunja uso.

"Nyongo hii," akasema, akaniuliza gunia la chakula nimeliweka wapi.