Hapana ya Mwenyekiti

Saa kumi na moja alfajiri Bwana Idwal Pritchard, mwenyekiti wa tawi la chama cha wakulima, alisimama langoni mwa shamba lake. Alikwisha kuandaa chai ya watu kumi na wawili na mikate mitatu ya zabibu. Siku hiyo ilikuwa zamu yake. Katika bonde lile la Wales mlima ni wa wote, na kondoo wa mtu hawashuki ila majirani wapande pamoja na mbwa wao. Leo kwako, kesho kwangu, wala hakuna alipwaye. Kondoo wake mia nne walikuwa juu, wanyoaji walikuwa waje kesho yake, na funza walikwisha kuanza kuingia kwenye sufu.

Aliyefika ni mmoja tu: Bi Gaenor Tudor, mjane wa miaka sabini na miwili, na mbwa wake achechemeaye.

"Wenzako wako wapi, Bi Gaenor?"

"Wamenituma niwawakilishe, Mwenyekiti." Akavaa miwani, akakunjua karatasi. "'Wanachama wanatambua ugumu wa hali yako. Wana wasiwasi kiasi, na wanathamini uhusiano mwema uliopo.'"

Idwal aliyatambua maneno yale kama mzazi atambuavyo mwana mtukutu mbele za watu. Yalikuwa yake. Majuma mawili nyuma wanachama walimtuma London apeleke neno moja mbele ya kamati ya biashara: hapana, nyama ya kondoo wa Nyuzilandi isiingie bila ushuru, itatumaliza. Alikwenda, tai ya shule shingoni. Shule ya bweni ilimfunza kwamba mstaarabu hapazi sauti, wala hasemi hapana pale ambapo yatosha kusema "tutalitazama". Kwa hiyo alisema wanachama "wana wasiwasi kiasi". Waheshimiwa wakaisifu busara yake, wakamwongeza biskuti. Hotuba yake na sifa ile alizisoma mkutanoni mwa tawi mara mbili, kwa kuwa waliokaa nyuma hawakuonyesha kuguswa.

"Na kondoo wangu?"

"Hao hawamo kwenye waraka." Mjane akaikunja karatasi. "Ila wewe umesifiwa kwa busara, mwanangu. Wasomee sifa hizo, huenda wakashuka."

Walipanda wawili. Idwal alimwongoza mbwa wake, Mot, kwa mluzi wa adabu, mluzi wa mtu anayeomba nafasi ya kuchangia hoja. Mot alimtazama, akatazama kondoo, akachagua upande wa kushoto, kwenye genge la mwamba. Kundi likapasuka. Nusu ilikimbilia kilele. Nusu ikaelekea ukingoni, na mbele yao kondoo jike wawili walikwisha kukanyaga mawe yaliyolegea. Mwenyekiti akapiga mluzi tena, kwa upole zaidi.

"Watakufa kwa adabu zako," Bi Gaenor alisema.

Hapo bweni lote likamtoka Idwal.

"Hapana! Mot, hapana! Rudi!"

Sauti ikagonga mwamba wa ng'ambo, ikarejea. Mot akalala chini papo hapo. Kondoo wakasimama. Na nyuma ya ukuta wa mawe, hatua mia moja hivi, vikainuka vichwa kumi na kimoja, vikombe vya chupa za chai mkononi, mbwa miguuni.

"Kumbe sauti anayo," alisema Ithel Bowen, jirani wa mpaka mmoja. "Mke wangu alisema anayo. Mimi nilimbishia."

"Mmekaa hapo tangu lini?" Idwal aliuliza.

"Tangu saa kumi. Tulikuwa tunalitazama."

Shule ile iliyomfunza Kilatini haikumfunza namna ya kusimama mbele ya watu kumi na mmoja wanaocheka kwa haki.

"Kamati inakaa tena Alhamisi," alisema hatimaye. "Nitalipeleka neno lile mlilonituma."

"Hilo hilo?" Ithel aliuliza.

"Hilo hilo. Naomba tu nitangulize 'kwa heshima zote'."

Bi Gaenor akawaendea, wakateta, migongo wamempa Idwal. Kisha mjane akarudi na uamuzi.

"Heshima moja. Ukiongeza ya pili, tunakuondoa kwenye kiti."

Wakawazunguka kondoo, wakawaswaga kuteremka. Idwal alifuata nyuma akijizoeza: kwa heshima, hapana, kwa heshima, hapana. Na kila alipotamka hapana, Mot, aliyeamini kwamba anaambiwa yeye, alilala chini na kundi likasimama, hata wakafika langoni chai ikiwa imepoa kabisa.