Njia ya Kukimbilia

Mkokoteni ulizama tena mchangani kabla haujafika kwenye mikonge, na Jedida akaweka bega nyuma ya mitungi ya maji na kusukuma. Jua lilikuwa halijapanda sana lakini lilikwisha kumchoma shingo. Mwaka jana, saa kama hizi, angekuwa keshateka maji kwenye bomba la chini, keshapanda njia fupi ya miguu, keshainjika sufuria ya maharagwe ya kuwauzia vibarua. Siku hizi bomba lile lile lilikuwa upande wa pili wa ukuta. Kulifikia ilimbidi azunguke kwa barabara ya juu, apite katikati ya vichaka na mikonge iliyotelekezwa, ateremke mpaka lami, kisha arudi na mzigo kwa njia hiyo hiyo. Muuza maji naye, alipoona watu wa Mteremkoni hawana pengine pa kwenda, alipandisha bei bila haya.

Mteremkoni ni nyumba za udongo na makuti zilizong'ang'ania ubavu wa kilima, juu ya hori la Kilifi. Ukisimama mlangoni kwa mtu unaiona Mnarani ng'ambo ya maji. Waliokaa pale walikuwa mchanganyiko: Wagiriama waliotoka mashamba ya ndani, watu wa bara waliofuata kazi za ujenzi, na wenyeji wachache wa mjini kama Bi Shekha, mwenye kiwanja walichokodi Jedida na mumewe Dedan, Mama Hope na Baba Hope kwa majirani, ingawa Hope mwenyewe alilelewa bara kwa bibi yake. Chini yao, pale palipokuwa na njia ya kushukia barabarani, pakaja nyumba nyeupe za kupangisha watalii. Kila nyumba ilikuwa na bwawa lake la kuogelea na paa nene la makuti, maana wageni wanapenda makuti. Watu waliziita Projekti.

Ukuta wa Projekti uliwazunguka wageni na kuwafungia njia wenyeji, na aibu yake ni kwamba waliojenga ni wanaume wa Mteremkoni wenyewe. Walifurahi kupata kazi karibu na nyumbani. Fundi mkuu aliacha upenyo wa kupitishia toroli za mchanga, na kwa miezi kadhaa watoto na kina mama waliupita kwenda na kurudi, mpaka kila mtu akauhesabu kuwa ndio njia yao iliyobakishwa. Hakuna aliyeuliza. Siku ya malipo ya mwisho wakaamriwa kutia lango la chuma kwenye upenyo ule, wakalitia, wakapokea haki yao, na jioni yake likafungwa. Dedan hakuiona siku hiyo. Alikuwa ameanguka kutoka jukwaa la ujenzi hapo hapo Projekti wiki chache kabla, na miguu yake haikumsikiliza tena. Projekti walimletea gunia la unga na maneno mazuri. Tangu hapo mkokoteni wa maji ndio uliokuwa pia miguu yake.

Ndiyo maana usingizi ulimpaa Jedida kadiri kiangazi kilivyokolea. Wenye mashamba ya juu walikuwa wanachoma magugu kujiandaa kwa masika, na upepo wa kaskazi ulishuka kilimani kila adhuhuri. Moto ukitoroka shambani utatangulia kuikamata barabara ya juu. Wenye miguu yao wangepanda ukuta. Dedan angepandishwa na nani?

Asubuhi hiyo, alipokwisha kumwosha Dedan na kumweka kivulini na chai yake ya rangi, alikwenda kwa naibu chifu. Mzee Kambi alimfanya asubiri mpaka amalize gazeti, kisha akamsikiliza akiwa anachokonoa meno. Jedida alisema hataki ukuta ubomolewe. Alitaka tu lango liwe na ufunguo upande wao, wa kutumia siku ya shida.

"Mna barabara ya juu," alisema Mzee Kambi.

"Moto utatoka huko huko juu, mzee."

"Basi mtapita chini."

"Chini pana lango, na limefungwa."

"Basi mtamwomba soja wa langoni awafungulie. Soja si ni mtu wenu wa bara yule?" Naibu chifu alijiona ameamua kesi ngumu. Alimwambia arudi siku akiwa na jambo lililokwisha kutokea, kwani ofisi ya serikali haiwezi kushughulikia moto ambao haujawaka.

Jedida alirudi na hasira. Akapika maharagwe yake, akawapakulia vibarua chini ya mpera, na soja wa lango, jina lake Mwaura, akapitishiwa sahani yake kati ya nondo kama kila siku. Walikuwa wanakula ndipo harufu ikaja. Mwanzoni watu waliidharau, maana msimu huo moshi ni jambo la kawaida. Kisha mikonge ikaanza kulia, mlio ule mkavu wa majani manene yanayopasuka, na barabara ya juu ikapotea ndani ya moshi.

Hapakuwa na muda wa kushauriana. Jedida alimwaga mitungi chini, akamkumbatia Dedan kifuani akampakia mkokotenini, akateremka naye mbio mpaka langoni. Alikuta wenzake wamekwisha kufika, huyu na godoro, yule na kuku, mama mmoja na televisheni mgongoni badala ya mtoto, mtoto akimkimbilia nyuma. Mwaura alikuwa upande wa pili na simu sikioni. Alisema ufunguo anao, lakini amri ya kufungua hana. Madamu, meneja wa Projekti, alikuwa hapokei.

"Mwaura, umekula kwangu sasa hivi," Jedida alimwambia.

"Nimekula, Mama Hope. Lakini nikifungua bila amri, kesho nyumbani kwangu hawali." Alisema huku amegeuza uso pembeni. Jasho lilikuwa limemlowesha shati lote la kazi.

Moto haukuja kwa juu kama walivyotarajia. Uliingia korongoni, penye majani makavu na takataka, ukashuka nalo kwa kasi hadi karibu kabisa na ukuta. Nyumba ya Jedida ilikuwa ya pembeni, kati ya korongo na mtaa wote. Pale Mteremkoni wana desturi moja iliyowaokoa zaidi ya mara moja. Moto ukikaribia, nyumba inayopakana nao huezuliwa na majirani, bila kumwuliza mwenyewe na bila mwenyewe kununa. Makuti yakiondoka moto hauna pa kurukia. Na jua halitui kabla ya wale wale walioezua kuja kuliezeka upya paa lile, kila nyumba ikitoa makuti yake.

Badi, fundi wa makuti, ndiye aliyepanda kwanza. Jedida alimwona kutoka langoni, panga mkononi, akizikata kamba huku wenzake wakiyavuta makuti kwa miti mirefu ya pondo na kuyaburura mbali. Paa lake liliondoka lote, zikabaki fito na kuta za udongo. Cheche ziliangukia ndani ya nyumba tupu, zikafa kwenye sakafu. Moto ukazungukazunguka korongoni, ukakosa cha kula, ukalala.

Gari la zimamoto lilifika baadaye. Liliingia kwa lango kubwa la mbele la Projekti, likayamwagia maji mapaa ya wageni kwa nguvu mpaka yakang'oka kuti moja moja. Mteremkoni halikupanda.

Hakuna aliyekufa. Watu walicheka kile kicheko cha mtu aliyeponea, wakamtania mama wa televisheni, na bila kuambiwa wakaanza kuleta makuti. Bi Shekha alitoa fungu alilokuwa amejiwekea kwa ajili ya jiko lake, akamwambia Jedida, "Chukua mwanangu, mimi jiko langu litangoja." Jedida alimwinamia akamshukuru. Alijisikia, kwa mara ya kwanza tangu aje Pwani, kuwa na watu. Badi alikuwa juu tena, safu ya kwanza ya chini imekwisha kufungwa, ndipo lango likafunguliwa.

Aliingia meneja wa Projekti, binti mpole aitwaye Bridgit, na Mzee Kambi nyuma yake. Vijana wawili walibeba kreti za soda na mikate. Bridgit aliwasalimu vizuri, akawapa pole, akasema ameona kwa macho yake jinsi wenyeji walivyopambana, na tajiri aliyeko Nairobi ameguswa sana. Kuanzia leo, alisema, lango litakuwa wazi kwa watu wa Mteremkoni, usiku na mchana. Watu walipiga makofi. Mama mmoja alipiga kigelegele. Jedida mwenyewe alijikuta ameyafumba macho akimshukuru Mungu.

"Ila kuna jambo moja dogo," alisema Bridgit. Wataalamu wamesema ile kona ya korongo lazima ibaki wazi, isiwe na nyumba, maana ni hatari kwa mali ya Projekti. Kona ikiwa wazi, lango liko wazi. Kona ikiezekwa makuti, bima haitakubali, na lango halitafunguliwa. Wameleta hata pikapu ya kumsaidia mama kuhamisha vyombo, tena bure.

Badi aliuliza kutoka juu ya fito, "Na yale makuti yenu kule, si makuti?"

"Yale yametiwa dawa ya kuzuia moto," alijibu Mzee Kambi kwa niaba yake.

Hakuna aliyesema Jedida aondoke. Lakini kila mmoja alikuwa na mtoto aliyemkimbiza adhuhuri ile hadi kwenye chuma kilichofungwa, na karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake Projekti, mfagiaji, mpishi, mtunza bustani. Bi Shekha alijifunika uso kwa ncha ya buibui. Mtu wa kwanza aliweka chini fungu lake la makuti taratibu, kama anayelilaza asiliamshe. Wa pili akafuata. Badi akafungua kamba aliyokuwa akiifunga, akashuka.

"Mama Hope, nisamehe," alisema. "Nina watoto wanne kule nyuma."

Jedida alitaka kumtukana. Angemtukana kwa lipi? Asubuhi, kwa ajili ya Dedan, angekubali bei yoyote ili lango lile lifunguliwe. Sasa limefunguliwa, na bei ni yeye.

Alimgeukia naibu chifu. "Mzee, mimi niliomba njia ya kukimbilia. Sikuomba njia ya kuhamia."

Mzee Kambi alisema serikali imekwisha kumsikiliza, tena siku hiyo hiyo, jambo ambalo si kila mwananchi analipata. Bridgit akamshika mkono, akamwambia kwa upole kwamba dereva anangoja.

Jedida alikwenda kwenye mkokoteni. Dedan alikuwa bado juu yake, majivu kwenye nywele. Mwaura alipoona wanakuja alilifungua lango lote, pande zote mbili, wapite kwa heshima. Watu walijipanga kuwaaga. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti. Mkokoteni ulipofika katikati, pale mabawa mawili ya lango yanapokutana, Dedan alinyanyua mkono.

"Simamisha hapa," alisema. "Tia mawe."

Jedida alimtazama kuhakikisha amesikia vizuri. Kisha akaokota mawe mawili yaliyobakia ya ujenzi, akayapigilia chini ya magurudumu, moja mbele, moja nyuma. Akaketi chini kando yake, akajifunga leso kiunoni.

"Mama, utatuziba njia," alisema Bridgit.

"Sijaziba. Pana nafasi ya mtu kupita." Na kweli palikuwapo, nafasi nyembamba ubavuni. Kilichokosekana ni nafasi ya lango kufungwa. "Kona yenu iko wazi, na lango lenu liko wazi. Sisi tutakaa hapa."

Mzee Kambi alimwamuru Mwaura ausukume mkokoteni. Mwaura alikuja, akashika mpini. Dedan akamkazia macho. Soja yule akauachia mpini, akasema mgongo unamuuma, atafutwe mtu mwingine. Naibu chifu aliapa kurudi na polisi. Bridgit alipiga simu Nairobi, akiwa amejitenga, akiongea chinichini.

Jedida alitazama juu, kwa wenzake. Alitumaini mmoja tu ateremke, akae chini pamoja nao. Alimtumaini Bi Shekha, alimtumaini hata mama wa televisheni. Watu walisimama, wakatazama, wakaanza kurudi majumbani mmoja mmoja, na mkate mkononi.

Jua lilipoanza kuinama wenye zamu ya jioni wakashuka kwenda kazini Projekti. Hawakuwa na sababu ya kuzunguka tena. Walipita kwa ubavu, matumbo yamebanwa, wakisema samahani Mama Hope, samahani Baba Hope, macho yako chini. Jedida alimwitikia kila mmoja. Moyo wake ulimuuma zaidi kwa kila samahani kuliko kwa paa.

Wa mwisho alikuwa Badi, na kamba zake begani na fungu la makuti kichwani. Mapaa ya wageni yalikuwa yameharibiwa na maji ya zimamoto, na meneja alimtaka ayarekebishe leo leo. Jedida aliyajua makuti aliyobeba, yalikuwa ya Bi Shekha. Badi alifika penye upenyo akakwama, mzigo ulikuwa mpana. Alisimama pale, hawezi kwenda wala kurudi.

"Pita, kaka," alisema Jedida.

Dedan akaishika kwa mikono miguu yake iliyoning'inia ubavuni, mmoja baada ya mwingine, akaisogeza ndani ya mkokoteni ili Badi apate nafasi.