Jibu la Namba Thelathini na Moja

Siku ya mwisho ya ripoti, karani wa ufuatiliaji alikuwa amebakiza simu moja tu.

Kazi yake haikuwa ya maneno mengi. Vijana hamsini waliokuwa wakielekea pabaya, baadhi wakiwa wametoka mahabusu na baadhi wakiwa njiani kwenda huko, walikabidhiwa kwa mafundi wa mtaani, kila mmoja na mlezi wake, kwa fedha ya serikali. Mwaka wa malezi ulipokwisha, karani aliwapigia simu mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili, akiwasomea maswali saba yale yale, neno kwa neno. Sharti la serikali lilikuwa moja: mwishoni, vijana arobaini wawe imara. Wakipungua hata mmoja, mradi unafungwa, na hamsini wengine waliokwisha kuandikishwa wanarudi walikotoka.

Imara walikuwa thelathini na tisa. Kumi walishateleza. Aliyebaki ni namba thelathini na moja, na huyo hakumtia mtu wasiwasi. Alikuwepo hata ukutani. Juu ya kiti cha karani mkurugenzi alikuwa amebandika bango lenye jibu lake la swali la saba, kwa herufi kubwa za bluu. Swali: "Je, yupo mtu mzima nyumbani unayeweza kumtegemea ukiwa na shida?" Jibu: "Ndiyo. Mama yangu."

Saa nne aliingia fundi wa kuchomelea, mmoja wa walezi.

"Hodi, Dada Maswali. Leo sina jibu hata moja, usijisumbue."

"Leo siyo zamu yako, kaka. Kaa."

"Nakaa, ila hiki kiti chenu mguu wake mgonjwa. Nitakuja nikichomelee bure, uiambie serikali."

Alikuwa amekuja kujaza fomu ya kupewa kijana mwingine. Akaweka mezani glavu za ngozi zenye alama za cheche, ndogo kuliko mikono yake.

"Huyo mtakayenipa awe na mikono midogo. Hizi ni za yule binti. Tangu tumzike hazijavaliwa."

Karani alikuwa akiandika tarehe kwenye fomu. Akaimaliza, ndipo akauliza, "Mlimzika nani?"

"Yule binti niliyekuwa nikimfundisha kazi. Thelathini na moja wenu. Homa, siku tatu tu. Miezi minane sasa imepita." Fundi akamtazama. "Kumbe hamna habari? Nilimwambia mama yake awajulishe. Akasema, wale hawakosi kupiga, nitawaambia wakipiga."

Fundi alipoondoka, karani alifungua jalada. Mwezi wa tatu, swali la saba: "Hapana. Hakuna." Mwezi wa sita: "Ndiyo. Mama yangu." Pembeni palikuwa na mwandiko wake mwenyewe: "Sauti imetulia kuliko awali. Dalili njema." Mwezi wa tisa, jibu lile lile. Alihesabu miezi kwa vidole kama mtoto wa shule, akarudia. Hesabu haikubadilika.

Mkurugenzi alichungulia mlangoni. "Thelathini na moja tayari?"

"Bado, bosi."

"Yule si wa kuhangaikia. Mpigie, ripoti iondoke kabla ya saa kumi."

Simu ilipokelewa kabla mlio wa pili haujaisha.

"Nilijua ni leo," sauti ilisema.

Karani alikuwa amejiandaa kusema jambo moja na kukata. Badala yake alijikuta akisoma. "Naongea na kijana namba thelathini na moja?"

"Ndiye."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Sauti iliitaja, ikataja na saa. Fomu haikuwa na nafasi ya saa.

Unaishi wapi kwa sasa? Nyumbani. Unafanya kazi? Nachomelea, juzi tumemaliza geti la shule. Wiki hii umelala njaa? Hata siku moja. Umekamatwa na polisi? Hapana. Mkono wa karani uliendelea kuweka alama za vema, hadi zikafika sita. Katika wote hamsini, huyu ndiye aliyekuwa imara kuliko wote. Hakuna kilichoweza kumpata tena.

Kwenye la saba aliweka kalamu chini.

"Soma, mwanangu," sauti ilisema, na sasa haikujifanya tena ya binti. "Hilo ndilo ninalolisubiri mimi."

"Mama, fundi alikuja leo."

Upande wa pili kijiko kilikuwa kikikoroga kitu sufuriani. Kikaacha.

"Basi," mama alisema. "Ila ni nyinyi tu mliokuwa bado mnamuulizia. Huku watu wakiniona wanabadilisha mazungumzo. Wewe unaniuliza kama amekula. Ningekujibu nini?"

"Pole sana, mama."

"Na mimi nina swali. Hilo la saba. Mara ya kwanza ulimuuliza mwenyewe, alikuwa amesimama hapo mlangoni. Akanitazama, akanipa mgongo, akakujibu polepole. Alisemaje?"

Karatasi ilikuwa mbele ya karani. Bango lilikuwa juu ya kichwa chake. Angeweza kulisoma bango, asingehitaji hata kutunga.

"Majibu ni siri ya kijana, mama. Haturuhusiwi kumsomea mtu mwingine."

Ndivyo kanuni ilivyosema.

"Lingekuwa ndiyo, ungenisomea," mama alisema. "Asante, mwanangu."

Hakukata simu. Ilibidi karani akate.

Alizifuta alama sita, mstari mmoja kila alama, kama ilivyoagizwa. Akaandika "Amefariki." Kwenye karatasi za mwezi wa sita na wa tisa akaandika "Si majibu ya kijana," akatia saini. Mkurugenzi alisoma amesimama.

"Kwa mtu mmoja," alisema.

"Ndiyo, bosi. Mmoja."

"Na wale hamsini walioandikishwa niwaambie nini?"

Karani alipanda juu ya kiti chenye mguu mgonjwa, akabandua bango. Chini yake rangi ya ukuta ilikuwa safi kuliko kwingine, ya pembe nne, na ilibaki hivyo.

Miezi mitatu baadaye walikuwa wakifunga maboksi. Glavu ndogo zilikuwa bado mezani. Fundi hakuwa amezirudia. Simu ya ofisi ililia, na namba iliyoonekana karani aliijua kwa moyo. Aliinua mkono wa simu. Kulikuwa na kijiko tu, kikikoroga.

Fomu zote zilishachukuliwa. Karani akaketi.

"Unaishi wapi kwa sasa?" aliuliza.

Kijiko kikaacha.

"Nyumbani," sauti ilijibu.