Lenzi ya Kupigia Wakubwa

Rahmah, mpiga picha wa Mbale, aliingia dukani kwa Faizal, Jinja, amefura kwa hasira. Akaibwaga mezani picha ya kundi la askari magereza.

"Bwana Faizal, hii ndiyo kazi ya lenzi uliyoniuzia ukiapa kwamba ni ya bei rahisi lakini haina kasoro?"

Faizal akaitazama. "Mbona afande katoka vizuri?"

"Afande yuko katikati! Wakubwa siku zote hukaa katikati! Hawa wadogo wa pembeni je? Nyuso zimevurugika kama uji. Mama wa huyu amelia, hamwoni mwanawe!"

"Dada, kwa bei ile ulitaka nini? Katikati panatosha."

Rahmah akawaomba wateja wajipange nje awapige picha ya bure. Faizal, akidhani yamekwisha, akacheka na kusimama pale alipoelekezwa, mwisho kabisa wa mstari. Rahmah akawapiga picha kwa lenzi ileile.

Wiki iliyofuata alirudi na picha ile, kubwa, ndani ya fremu, akaitundika mwenyewe mlangoni mwa duka. Watu wakajaa.

"Na huyu wa mwisho asiye na uso ni nani?" mteja mmoja akauliza.

"Mwenye duka," Rahmah akajibu. "Anasema katikati panatosha."